Siku Niliyosubiri Saa Moja Bila Mafuta Usoni

Jamani, mkasa huu nimeusimulia mara moja tu maishani, mbele ya akina mama wa kanisani kwetu, tena nikiwa nimeshika simu mkononi kama ushahidi, na sikudhani kama ningekuja kuurudia. Lakini kwa kuwa kila mmoja hapa ameshatoa aibu yake, na mimi siwezi kukaa nacheka za wenzangu huku yangu nimeifungia kabatini, basi nisikilizeni. Nasema mapema kabisa kwamba aibu hii ni yangu mimi, mume wangu hana kosa hata moja, na hilo mlishike vizuri, maana ndilo nililoshindwa kulisema siku lilipohitajika.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani kwetu Nangara, hapa Babati, sare za shule zaidi. Mume wangu, Baba Doreen, ni seremala, ana karakana ndogo mjini. Ni mtu mpole ambaye ukimkosea anakuomba yeye msamaha kwa kuwa alikuwa amesimama njiani. Mwaka huu kanisani kwetu walikuwa wanatafuta mzee wa kanisa wa mtaa wetu, na jina lake likapendekezwa. Mwingine ataona ni jambo dogo, lakini Baba Doreen si mzaliwa wa hapa, alikuja Babati kutoka Singida akiwa hamjui mtu, akalala kwenye mabanzi ya karakana ya watu mpaka akapata yake, sasa watu wa hapa wenyewe wakae chini waseme tunamtaka huyu, kwake ilikuwa kama ameambiwa rasmi kwamba na wewe ni wa kwetu. Alinunua shati jeupe. Alilipiga pasi mwenyewe, mara mbili, na wala hakunikabidhi mimi niliye fundi wa nguo. Kilichobaki ilikuwa mchungaji na wenzake waje kututembelea Jumamosi jioni waone nyumba yetu inaishije, halafu Jumapili jina lisomwe na sisi wawili tusimame mbele ya watu wote.

Hapo penye kusimama mbele ya watu wote ndipo nilipoharibikiwa. Badala ya kumfikiria mume wangu nikaanza kufikiria uso wangu. Nilikuwa na chunusi kwenye paji la uso, tatu kubwa na vijukuu vyake, nikaona nitasimamaje mbele na hizi. Nikamwandikia mdogo wangu Happy, yupo Arusha, anafanya kazi saluni, nikamwuliza ninunue krimu gani. Happy akanitumia voisi ndefu. Akasema, "Dada, usinunue kitu kabla hujaijua ngozi yako. Kuna ngozi kavu, kuna ya mafuta, kuna ya mchanganyiko, na unajipima mwenyewe hapohapo nyumbani, bure kabisa. Asubuhi unanawa uso na sabuni, hupaki kitu chochote, unasubiri saa moja, halafu unajifuta na tishu. Tishu ikilowa mafuta, wewe ngozi yako ya mafuta. Ikitoka kavu na ngozi inavuta, basi ni kavu."

Unasubiri saa moja. Mmeisikia hiyo? Nyie mmeielewa vizuri kwa sababu mmekaa mmetulia mnakunywa chai. Mimi nimeisikiliza Jumamosi asubuhi, mguu mmoja kwenye cherehani, nimeshanawa tayari, naangalia saa ya ukutani naona ni saa mbili na robo. Nikajiambia, aa, saa moja ya asubuhi si imeshapita? Basi anamaanisha saa moja ya jioni. Na nikaona ina akili kabisa, kwamba ngozi ipewe siku nzima ifanye kazi yake, kama vile unavyopima gari kwa kulisafirisha mbali. Ningeweza kumpigia Happy nikauliza, lakini mtu aliyejiona ameelewa huwa haulizi, na mimi nilikuwa nimeelewa mpaka nikapitiliza, maana aliposema hupaki kitu chochote nikaona chochote ni chochote, nikaacha na mikono, na miguu, na midomo.

Mwezi wenyewe ni wa saba. Wa Babati mnaujua upepo wa mwezi wa saba, ule baridi kavu unaopita unakufuta mpaka mate mdomoni. Na mnajua kwetu mtu haulizwi kama ameoga, anaangaliwa miguu. Mama yangu alikuwa anaturudisha mlangoni twende tukapake mafuta hata kama kengele ya shule imeshalia, anasema mkitoka mmepauka hivyo watu watadhani mama yenu amekufa. Mtu mzima kutoka nje amepauka ni habari. Mwanamke mwenye mume kutoka amepauka ni habari kubwa zaidi, kwa sababu watu hawamtazami tena yeye, wanamtazama mwanamume anayeshindwa kumpa mke hata mafuta ya kupaka. Hayo yote nilikuwa nayajua. Nimekulia humo. Nikaona lakini mimi nakaa ndani, nani ataniona.

Kufika saa saba nikakumbuka sina tishu.

Nikasema niende mara moja tu dukani kwa Mama Zuhura, nirudi. Mama Zuhura ni jirani, vitu vidogo vidogo vyote tunachukua kwake, sukari, viberiti, na rafu nzima ya mafuta ya kupaka, ya nazi, ya mgando, yenye harufu na yasiyo na harufu. Ni mama mwenye huruma sana, kwenye mfungo anagawa uji mtaa mzima bila kuuliza nani anafunga. Nikajitanda kanga, nikatoka, upepo ukanipokea.

"Shikamoo Mama Zuhura."

"Marahaba." Akaniangalia. Akainama juu ya kaunta akaniangalia mpaka miguuni, akarudi usoni. "Mama Doreen, mna msiba?"

"Hapana mama, hatuna."

"Unaumwa?"

"Mzima kabisa," nikasema, na nikatabasamu ili aamini, na jamani ule mdomo uliokaa masaa matano bila mafuta kwenye upepo ukapasuka katikati, nikahisi damu. Nikaifuta na ncha ya kanga. Mama Zuhura akaona.

Akageuka, akatoa kopo la mafuta ya mgando kwenye rafu, akaniwekea mbele. "Chukua upake, mwanangu. Sitaki chochote."

Sasa hapa ndipo ningeweza kusema ukweli kwa sentensi moja, Mama Zuhura najipima ngozi, tungecheka, ningeenda zangu. Lakini nikaona aibu. Mke wa mtu anayetaka kuwa mzee wa kanisa, anashinda na simu anajipima ngozi kama msichana wa sekondari? Basi nikarudisha kopo nikasema hivi, na maneno haya nitayakumbuka mpaka nizikwe: "Asante mama, ila siruhusiwi kupaka kitu mpaka saa moja."

"Huruhusiwi," akasema Mama Zuhura.

"Ndiyo."

"Saa moja anaporudi Baba Doreen." (Kweli mume wangu siku nyingi hurudi saa moja, mtaa mzima unajua, maana anapita na baiskeli anapiga kengele.)

"Eee, wakati huohuo," nikasema, wala sikusikia nilichojibu. "Ni mambo ya nyumbani tu mama, usijali. Nipe tishu."

Mambo ya nyumbani! Mimi nilimaanisha kipimo cha nyumbani, kile alichosema Happy, bure kabisa. Mama Zuhura akanipa tishu, akanifunga kanga vizuri shingoni, nikaondoka nikidhani ameona nasikia baridi.

Nilivyotoka mimi akaingia Mama Elia kununua majani ya chai. Mama Elia ni kiongozi wa akina mama kanisani kwetu, mtu mzima, mjane, amelea yatima wanne, akisema kitu mchungaji anasikiliza. Na alikuwa mmoja wa watu watatu waliopangwa kuja kwetu jioni ileile. Mama Zuhura akamwambia alichokiona na alichokisikia, hakuongeza hata chumvi, na hilo ndilo baya, kwa sababu hapakuhitajika chumvi.

Naomba mtu asije akawalaumu wale akina mama. Mtaa huu huu kuna mwanamke tulimwona kila siku na kanga usoni, sote tukasema ni mambo ya nyumbani, mpaka siku alipobebwa kupelekwa hospitali. Mama Elia alishaapa hatanyamaza tena. Alifanya alichotakiwa kufanya, kwa mtu ambaye siye.

Baba Doreen akarudi mapema siku hiyo, saa kumi, kwa ajili ya wageni. Akaniona. "Mbona hivyo, Mama Doreen? Leo hujapaka mafuta?"

"Nitakueleza baadaye, usiniharibie," nikamjibu, nikiwa nimeshafika mbali kiasi kile na nimebakiza masaa matatu tu, nianze tena kesho kwa ajili ya nini? Akanyanyua mabega, akaenda kuvaa shati lake jeupe.

Saa kumi na moja wakaingia mchungaji, Mzee Bura na Mama Elia. Tukasalimiana, tukaomba, nikaleta chai na mihogo ya kukaanga. Mimi nilitegemea maneno mengi na kicheko, maana Mzee Bura ndiye aliyempendekeza mume wangu na siku zote anamtania kwa kuwa ni Mnyiramba wa Singida, lakini siku hiyo Mzee Bura alikuwa anatazama kikombe chake. Mchungaji ananitazama, anaacha. Nikajua ni kupauka kwangu kunawakera. Nikavuta kanga.

Mama Elia akasema, "Hebu Mama Doreen tusaidiane vyombo," wakati vyombo vyenyewe bado vinatumika. Tukaingia jikoni, akafunga mlango.

"Mwanangu, mimi ni mama yako. Niambie ukweli. Anakukataza kupaka mafuta?"

Nikashtuka. Nikajua Mama Zuhura ameshamwambia. Lakini nilivyo mjinga, nilichosikia mimi ni kwamba Mama Elia amegundua habari za kipimo na krimu, na anataka kujua kama mume wangu ananikataza mambo ya urembo na mimi nafanya kwa siri. Na Mama Elia tunamjua, vijana wakija na kucha za rangi anawatazama mpaka wanaficha mikono. Nikawaza, nikisema ukweli hapa, atasema mke wa mzee wa kanisa ni wa mapambo, jina la mume wangu litaanguka kwa sababu ya chunusi zangu. Basi nikaamua kumlinda mume wangu. Sikieni nilivyomlinda.

"Hapana mama. Hajanikataza. Ni mimi mwenyewe tu."

Akafumba macho. "Na mdomo?"

"Umepasuka wenyewe."

"Mdomo haupasuki wenyewe, mwanangu," akasema, akanishika mkono, na mkono wangu ulivyokuwa mkavu nadhani ndio ulimaliza kila kitu. Akaanza kulia. Mimi nikaona Mama Elia analia kwa ajili yangu nikadhani ni uzee. Nikamwambia, "Mama naomba usiwaambie kina mchungaji, atakosa nafasi." Naapa ndivyo nilivyosema.

Tukarudi sebuleni. Macho ya Mama Elia mekundu. Mchungaji akaweka kikombe chini, akaongea kwa upole sana, "Baba Doreen, kabla hatujaendelea, naomba nikuulize kama ndugu. Mkeo anaishi kwa amani humu ndani?"

Mume wangu akacheka kidogo, akidhani ni swali la utaratibu. Hakuna aliyecheka naye. Akawatazama mmoja mmoja, na nikaona kicheko kinamtoka usoni taratibu. "Mchungaji, si yupo hapa? Muulizeni mwenyewe." Akanigeukia. Aligeuka mwili mzima, na lile shati jeupe, akanitazama akiwa na uhakika, kama mtu aliyekuita jina lako na anajua utaitika.

"Mama Doreen," mchungaji akasema, "una neno?"

Neno lilikuwepo. Lilikuwa hapahapa. Ila kwenda kulieleza mbele ya mchungaji na Mzee Bura, tishu, chunusi, Happy wa saluni, nikaona ardhi ipasuke kwanza. Na mdomo ulikuwa unavuja tena nimeukandamiza na kanga. Nikatazama chini, nikatikisa kichwa.

"Sina neno."

Nje watu wanapita na mikokoteni yao, naisikia mpaka inafika kona. Mzee Bura akasimama kwanza. Mchungaji akasema jambo hili tulipe muda, akaomba sala fupi ambayo ndani yake alitaja wanyonge mara mbili, wakatoka. Chai waliiacha nusu. Mama Elia mlangoni akamwambia mume wangu, bila kumpa mkono, "Mungu anakuona, baba."

Baba Doreen alikaa. Alikuwa kama mtu aliyeangukiwa na ubao kutoka juu, bado anatafuta umetokea wapi. Na mimi (hapa ndipo najichukia zaidi) nikaangalia saa, nikaona saa moja imefika, nikaenda chumbani kujifuta na tishu. Tishu ikakwama. Ngozi ilikuwa imekauka mpaka inakwaruza, vipande vyeupe vikanibaki mashavuni, na hivyo ndivyo alivyonikuta aliposimama mlangoni na kusema kwa sauti ya chini, "Mama Doreen, nimekufanya nini?"

Hapo ndipo nikafunguka. Nikamweleza yote huku nalia, na machozi yanalowesha vile vipande. Akaomba simu. Akasikiliza voisi ya Happy mara ya kwanza. Akasikiliza mara ya pili. Akasema, "Subiri saa moja. Dakika sitini, Mama Doreen." Basi. Akavua shati akalitundika.

Asubuhi yake nikakimbia kanisani kabla ya ibada, nimejipaka mafuta mpaka nateleza, nikamfuata mchungaji ofisini nikamwambia mume wangu hajawahi kuninyanyasa, hajawahi kuninyooshea hata kidole, ilikuwa ni kipimo cha ngozi. Mchungaji akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa huruma, "Umetumwa na mumeo uje useme hivi?" Nilipoapa kwamba sikutumwa, akatingisha kichwa kwa masikitiko zaidi. Ukweli niliukataa ulipoombwa, sasa nauleta mwenyewe kwa miguu hakuna anayeupokea. Kwenye matangazo likasomwa jina la mtu mwingine. Baba Doreen alikuwa kakaa benchi la tatu, na shati lake, akapiga makofi pamoja na wengine.

Siku ya kikao cha akina mama ndipo nilipoomba kusimama. Nikaweka simu sauti ya juu, nikawachezea voisi, nikawaeleza saa mbili na robo, nikawaeleza tishu. Walicheka jamani. Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Mama Elia hakucheka, alinisikiliza, na kikao kilipoisha alikwenda moja kwa moja mpaka karakana kumwomba mume wangu msamaha, na jioni Mama Zuhura naye akaja na kopo lake la mafuta, akalia, akacheka, akalia tena. Mchungaji pia alikuja. Lakini nafasi imeshajazwa, na mzee wa kanisa hachaguliwi kila mwezi. Na wale waliosikia habari ya kwanza si wote walioisikia ya pili. Kuna mteja mmoja alikuwa ameagiza kitanda kwa ajili ya binti yake, hajarudi kukichukua mpaka leo, kipo karakana kimefunikwa na turubai.

Ngozi yangu ni ya aina gani, msiniulize. Sijui, na sitaki kujua.

Wiki iliyopita nilimpelekea chakula cha mchana, nikamkuta anapiga msasa mguu wa kiti. Nikamwuliza, "Baba Doreen, hivi ulishanisamehe kweli?"

"Habari ya mafuta nilishasamehe siku ileile," akasema. "Ile inanichekesha hata mimi." Akapuliza vumbi la mbao, akapitisha kidole kuona kama pamelainika. "Ila nilikugeukia mbele za watu, ukatazama chini. Hiyo bado inanijia."

Nimejiwekea nadhiri tu, na nyie ni mashahidi, kwamba mtu yeyote akiniuliza habari za mume wangu, awe mchungaji, awe balozi wa mtaa, awe mpita njia, nitanyanyua uso nijibu kwa sauti palepale, niwe nimepaka au nimepauka. Nimejiandaa mpaka maneno nimeyakariri. Ila tangu siku ile hakuna aliyeniuliza tena.